GEHAZI ANAPOBISHA HODI

Neno la msingi: 2 Wafalme 5:20-27 na 1 Wakorintho 16:1-4

 

Leo tunaanza kwa kuungama. Miezi michache iliyopita alikuja kwetu mtu mwenye daftari na karatasi yenye mhuri. Alisema anachangisha kwa ajili ya mtoto wa mkimbizi mwenzetu aliyelazwa Mbarara akingoja upasuaji. Alijua kuomba, alijua nyimbo zetu, na alitaja vijiji vya kwetu Congo. Sisi wachungaji tulimruhusu asimame mbele ya kusanyiko, kisha akazunguka nyumba kwa nyumba kwa siku mbili. Hatukumwuliza mtoto yuko wodi gani. Hatukumtuma mtu kwenda kumwona. Baadaye shemasi mmoja alipokwenda Mbarara na matunda na sabuni kwa ajili ya mgonjwa, aliuliza wodi zote za watoto, asimpate. Na ile namba ya simu haikupatikana tena.

Mama mmoja mjane alikuwa ametoa fedha aliyoipata kwa kuuza mahindi yake. Hatusemi kwamba kosa ni lake. Aliamini kwa sababu alituona sisi tumesimama kando ya mtu yule. Mama, na ninyi nyote mliotoa, tunawaomba msamaha.

Hasara haikuishia hapo. Muda mfupi baadaye familia moja ya kanisa ilifiwa kweli, ikahitaji mbao za jeneza na gari la kuleta mwili kutoka Mbarara. Mashemasi walipopita kuomba msaada, wengi waliwajibu kutoka ndani bila kufungua mlango: "Tumekwisha kutapeliwa." Fedha iliyopotea tunaweza kuitafuta tena shambani. Lakini mtu yule aliondoka pia na imani tuliyokuwa nayo sisi kwa sisi, na wafiwa wasio na hatia ndio waliolipa.

Ndugu, jambo hili si geni katika Maandiko. Naamani wa Shamu aliponywa ukoma, akataka kumpa Elisha zawadi, lakini mtumishi wa Mungu akakataa. Uponyaji ule ulikuwa wa bure. Naamani alipaswa kurudi kwao akijua kwamba Mungu wa Israeli haiuzi neema yake. Ndipo Gehazi akamkimbilia njiani akisema kwamba bwana wake amemtuma: wamefika vijana wawili wa manabii kutoka milima ya Efraimu, wanahitaji talanta ya fedha na mavazi.

Tazameni alivyofanya. Kwanza, alitumia jina la mtu anayeheshimiwa. Pili, alileta habari ya wahitaji ili moyo wa Naamani uguswe. Tatu, alimkuta njiani, mahali ambapo Naamani hakuwa na wa kumwuliza. Naamani akampa talanta mbili badala ya moja. Tena Gehazi hakuwa mgeni. Alikuwa mtu wa nyumbani mwa nabii. Biblia haimlaumu Naamani kwa ukarimu wake. Hukumu ilimwangukia Gehazi, na ukoma ule ukamshika yeye.

Akina Gehazi wamekuwepo pia katika nchi hizi. Katika miaka ya 2000 hapa Uganda, shirika lililoitwa COWE, ambalo jina lake lilisema habari za kutunza yatima, wajane na wazee, lilikusanya fedha za watu wengi, na watu hao wakabaki wanalia. Huko Nairobi, uchunguzi wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2001 ulikuta kwamba wakimbizi walikuwa wakitozwa maelfu ya dola ili wapate nafasi ya kupelekwa nchi ya tatu, na baadhi ya waliohusika walikuwa wafanyakazi wa ofisi yenyewe iliyopaswa kuwasaidia. Kitu cha bure kiliuzwa, na waliokiuza walikuwa watu wa ndani, kama Gehazi.

Kwetu leo njaa na kukata tamaa vinamfungulia mlango mtu wa namna hiyo. Mgao wa chakula ulianza kupunguzwa mwaka 2020, na mwaka 2025 familia nyingi katika Uganda ziliondolewa kabisa. Mwezi wa Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na wengi waliokuwa wakingoja safari walibaki na mabegi yao. Mtu akibisha hodi akasema, "Changieni kidogo, kuna wafadhili watawaandika," ni vigumu kumfukuza. Tunaelewa. Ndiyo maana tunaandika.

Wengine wanatuuliza: je, kumhoji anayeomba msaada si kukosa upendo? Mtume Paulo anatujibu. Yeye naye alikuwa mchangishaji, akiwakusanyia watakatifu wa Yerusalemu waliokuwa na shida. Lakini hakutaka kubeba mfuko ule peke yake. Aliwaambia Wakorintho wachague watu wao wenyewe, wapelekwe pamoja na barua. Na katika 2 Wakorintho 8 anaeleza kwamba ndugu aliyechaguliwa na makanisa anafuatana nao, ili mtu yeyote asipate la kuwalaumu. Ikiwa mtume alitaka kuchunguzwa, kwa nini mwenye daftari akasirike tukimwomba barua? Mchangishaji wa kweli atafurahi kuulizwa. Anayetaka utoe sasa hivi, kabla jirani hajafika, huyo mwogope.

Basi tumekubaliana na mashemasi mambo haya:

1. Mchangishaji wa nyumba kwa nyumba aje pamoja na shemasi au mwenyekiti wa RWC wa kijiji. Akija peke yake, mwambieni kwa heshima, "Tutapeleka sadaka yetu kanisani," kisha mtujulishe.

2. Ikiwa ni habari ya mgonjwa, mtu wetu ataenda kumwona kwanza. Tutalipia dawa, usafiri au mbao zenyewe, na hesabu itasomwa Jumapili mbele ya wote.

3. Msimpe mtu wa mlangoni kadi yenu, karatasi ya familia, wala namba ya siri ya simu. Sadaka haihitaji namba ya siri.

4. Kuandikishwa kuwa mkimbizi, mgao wa chakula na kupelekwa nchi ya tatu ni bure. Anayedai fedha kwa ajili ya hayo, hata akivaa kitambulisho cha ofisi, mpelekeeni habari mwenyekiti, au pigeni namba ya bure ya UNHCR, 0800 323232.

5. Sisi wachungaji hatutamsimamisha mtu mbele ya kusanyiko kabla ndugu wawili hawajathibitisha habari yake. Tukisahau, tukumbusheni.

Tena tunawasihi: mkimshuku mtu, msimpige. Mpelekeni kwa mwenyekiti au polisi. Huenda ni mtapeli, huenda ni baba aliyechanganyikiwa kwa shida. Na anayeomba chakula, mpeni chakula. Mwenye njaa hahitaji barua wala mhuri ili apate sahani ya maharage. Sisi sote tulifika Nakivale mikono mitupu, na kuna mtu aliyetufungulia mlango.

Ile familia iliyofiwa bado ina deni la mbao na gari. Mashemasi wawili wameiona karatasi ya deni, na mwenyekiti wa kijiji anaijua habari yote. Jumapili ijayo baada ya ibada kutakuwa na kikapu mbele kwa ajili yao. Njooni mwulize maswali yote mnayotaka, na mkiridhika, mtoe kadiri Bwana alivyowajalia.

Bwana atupe macho ya kuona na mikono iliyo wazi. Amina.

Ni sisi wachungaji wenu