Maombi na Kijiko

Maandiko ya kusoma nyumbani: Marko 5:35–43, 1 Samueli 1:21–28, Hosea 11:1–4, Zaburi 131

Kwa wale ambao hamkufika Jumapili kwa sababu ya kazi, ugonjwa au ile mvua iliyojaza matope barabara zetu zote, huu ndio ujumbe tulioushiriki. Soma polepole. Ukimaliza, mpe jirani yako mwenye mtoto mchanga, hata kama haabudu na sisi.

Leo naanza kwa kutubu. Ndiyo, mchungaji naye hutubu.

Miezi kadhaa iliyopita, dada mmoja wa hapa Kitengela alikuja mbele wakati wa maombi akiwa amembeba mtoto wake wa miezi kumi. Amenipa ruhusa nisimulie, ila jina ameomba nilihifadhi. Aliniambia, "Mchungaji, mtoto hataki kula. Nikileta kijiko anafunga mdomo, anageuza kichwa. Ni nyonyo tu. Na majirani wameanza kusema kuna mtu amemwangalia na jicho baya." Nami nikaweka mikono juu ya yule mtoto, nikakemea roho ya kukataa chakula, kanisa lote likasema Amina. Kisha nikamwambia yule mama afunge siku tatu.

Nisikilize vizuri. Nilimwambia mama anayenyonyesha, anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kwenda kiwandani pale EPZ Athi River, afunge siku tatu. Na sikumuuliza swali hata moja.

Baada ya mwezi alirudi. Mtoto alikuwa mwepesi kuliko mara ya kwanza. Siku hiyo kulikuwa na shosho mmoja wetu aliyefanya kazi ya uuguzi miaka mingi kabla ya kustaafu. Hakupiga kelele wala hakumlaumu mtu. Alivuta kiti, akamuuliza yule mama, "Mwanangu, huyu mtoto akiamka anakunywa nini?" Chai ya maziwa kwa chupa. "Halafu?" Kule anakoachwa anapewa uji kwa kikombe, mwepesi, ndio asikabwe, na kila akilia anaongezewa. "Na jioni?" Jioni mama akirudi amechoka, mtoto ananyonya mpaka asubuhi. Shosho akanitazama, akasema, "Mchungaji, huyu mtoto hajakataa chakula. Ameshiba maji."

Watu wa Mungu, hakukuwa na pepo. Kulikuwa na chai.

Kliniki walipompima, ule mstari wa uzito kwenye kitabu cha mama na mtoto ulikuwa umelala miezi mitatu, haupandi. Damu nayo ilikuwa imepungua. Walimpa dawa ya kuongeza damu, na mama akafundishwa namna ya kulisha. Leo mtoto anakula. Si sana, lakini anakula. Mungu ni mwema. Lakini mimi nilijiuliza usiku mwingi: kama yule shosho hangekuwepo?

1. Yesu alifanya muujiza, kisha akataka binti apewe chakula

Turudi kwa Marko 5. Binti wa Yairo ana miaka kumi na miwili. Amekufa, waombolezaji wameshaanza kazi yao. Yesu anaingia, anamshika mkono, anainuka, anatembea. Watu wamepigwa na bumbuazi. Kama ni sisi, hapo tungeleta ngoma na kinanda, tusherehekee mpaka kesho. Lakini angalia mstari wa 43. Bwana anawaagiza wampe mtoto kitu cha kula.

Hebu fikiria. Yeye aliyemtoa mautini angeshindwa kumshibisha kwa neno? Hangeshindwa. Lakini kazi ya kupika na kulisha aliwaachia wazazi. Muujiza ni wake, sahani ni yetu. Mwambie jirani yako: sahani ni yetu!

Kwa hiyo mtu asikudanganye ati ukimpeleka mtoto kliniki umekosa imani. Omba ukiwa kwenye matatu, omba ukiwa kwenye foleni, omba ukipika. Maombi na kijiko havigombani.

2. Mambo ambayo kila mama, na kila baba, anapaswa kuyajua

Nimemwomba yule shosho aniandikie yale ambayo manesi hufundisha, ndiyo haya:

Miezi 6 ya kwanza ni maziwa ya mama peke yake. Hata maji hapana. Akifika miezi 6, chakula kinaanza, na kunyonya kunaendelea mpaka miaka 2 au zaidi. Wengi wetu tunafikiri kuanza chakula ni kumwachisha ziwa. Sivyo. Chakula kinaongezwa juu ya maziwa ya mama.

Kwa nini miezi 6? Kwa sababu mtoto huzaliwa na akiba ya madini ya chuma, yale yanayotengeneza damu, na kufikia wakati huo akiba inakaribia kuisha. Maziwa ya mama ni mazuri sana, lakini hayawezi kuijaza tena peke yake. Maziwa ya ng'ombe nayo yana chuma kidogo mno. Chai ndiyo mbaya zaidi: inazuia hata kile chuma kidogo kilicho kwenye chakula kisiingie mwilini. Na damu ikipungua, hamu ya kula nayo hupungua. Unaona lile duara? Hali kwa sababu damu imepungua, na damu inapungua kwa sababu hali.

Anza na vijiko viwili vitatu. Kati ya miezi 6 na 8, mlishe mara 2 au 3 kwa siku. Kuanzia miezi 9, mara 3 au 4, na kitu kidogo katikati, kama ndizi au avokado. Chakula kiwe kizito, ukiinamisha kijiko kisitiririke kama maji. Tumbo la mtoto ni dogo. Ukilijaza uji mwepesi, umelijaza maji. Ponda viazi, malenge, maharagwe yaliyoiva vizuri. Weka yai. Weka maini yaliyosagwa, au omena. Sisi wa Kitengela tunaishi karibu na vichinjio, nyama inapita mbele yetu kila siku. Kipande kidogo cha maini kikipondwa kwenye viazi kinamfaa mtoto kuliko chupa tano za chai. Asali usimpe kabla ya mwaka mmoja. Na haya maji yetu ya visima na ya bowser, chemsha kwanza.

Akikataa, usimshike pua, usimlazimishe. Mpe tena kesho, na keshokutwa. Chakula kipya huenda akakitema mara nane, hata mara kumi, kabla ya kukizoea. Kutema si kukataa, ni kujifunza. Mpe chakula kwanza ukiwa nyumbani, kisha anyonye. Kaa naye, mwangalie usoni, zima televisheni.

Lakini akiwa na homa, anahara, ana vidonda mdomoni, amelegea, au mstari wa uzito umelala au kushuka, usingoje Jumapili. Nenda hospitali. Ule utepe wa kupima mkono, ukisoma chini ya sentimita 11.5 kwa mtoto wa miezi 6 na kuendelea, huo ni wekundu, ni hatari, ni siku hiyo hiyo. Na mwezi wa 5 na wa 11, wakati wa Malezi Bora, mpeleke akapate vitamini A.

Kwa wenzetu wa Bissil, Mashuuru na Namanga, sikudharau maziwa. Maziwa ni heshima ya boma. Lakini mnakumbuka ukame wa 2022, ng'ombe walivyolala njiani. Mtoto aliyezoea maziwa tu, maziwa yakikauka anabaki na nini? Mzoeshe vyakula vingine mapema, wakati maziwa bado yapo.

3. Hana alibaki nyumbani

Sasa tusome 1 Samueli 1. Hana alimlilia Mungu apate mtoto, akampata Samweli. Mwaka ukazunguka, Elkana na nyumba yake yote wanapanda kwenda Shilo kutoa dhabihu. Hana akasema yeye hatapanda mpaka mtoto aachishwe kunyonya.

Hii ni ibada ya mwaka! Na huyu ni mama wa maombi, kuhani mwenyewe anamjua. Lakini alibaki nyumbani kumlea mtoto, na Biblia haimhesabii kosa. Elkana naye hakuita wazee wamjadili. Alimwambia afanye anavyoona ni vyema. Mume mwenye hekima!

Kanisa, sisi tumewaita akina mama wachanga "vuguvugu" kwa sababu hawaonekani kwenye kesha. Tumewapa mifungo ya kavu. Tumewauliza sadaka ya mavuno na mtoto hana yai. Mungu atusamehe. Mama aliye macho saa nane usiku ananyonyesha, huyo yuko kwenye kesha yake.

Na fikirieni mzigo wa hawa dada zetu wa viwandani. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama likizo ya miezi 3. Kliniki inamwomba anyonyeshe miezi 6 bila kitu kingine. Ile miezi 3 ya katikati ni ya nani? Hapo ndipo chai inapoingia. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha mama kunyonyeshea au kukamulia maziwa. Wako waajiri wanaokaa humu kanisani. Una wafanyakazi, una chumba? Jibu hilo mbele za Mungu.

Akina baba, Amina yenu imekuwa ndogo leo. Nunua mayai. Beba mtoto mama apike. Jua uzito wa mtoto wako kama unavyojua msimamo wa ligi.

4. Mungu anayeinama

Hosea 11 inatuonyesha Mungu akisema juu ya Israeli kama mzazi: alimfundisha mtoto kutembea, akamshika mikono, akainama akamlisha. Mungu wa mbingu na nchi anainama na chakula! Na huyo mtoto anageuza kichwa.

Ni sisi hao. Waebrania 5 inatuambia wako waumini ambao kwa muda waliokaa wangekuwa walimu, lakini bado ni wa maziwa. Tunataka neno jepesi, tamu, linalotiririka: mwaka huu gari, mwaka huu ploti. Neno zito likija, samehe ndugu yako, lipa deni, acha uongo wa kazini, tunafunga mdomo. Tunasema tumeshiba. Tumeshiba chai.

Lakini yeye hachoki. Umetema mara nane, analeta mara ya tisa. Halazimishi, halaani, haondoki mezani. Zaburi 131 inamalizia vizuri: nafsi iliyotulia kama mtoto aliyeachishwa ziwa, aliye kwa mama yake. Mtoto mdogo hukaa kifuani kwa sababu anatafuta maziwa. Huyu mwingine anakaa kwa sababu anamjua mama yake. Huko ndiko Bwana anakotupeleka.

Tulivyokubaliana na wazee wa kanisa

Mama mjamzito au anayenyonyesha hapangiwi mfungo tena katika kanisa hili. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, shosho na wenzake watakaa chini ya hema la watoto baada ya ibada ya pili. Njoo na kitabu cha kliniki. Na akija mama mbele akisema mtoto hali, tutaomba, kisha tutamuuliza: leo amekula nini?

Ya kujadili kwenye ushirika wa nyumbani

Nani katika kundi letu ana mtoto chini ya miaka 2, na tumemsaidia vipi mwezi huu? Ni neno gani zito ambalo Mungu amekuwa akikuletea nawe unageuza kichwa?

Tuombe

Baba, tunakushukuru kwa kila mtoto wa Kitengela na Kajiado yote. Utusamehe pale tulipokemea badala ya kuuliza. Mwondolee mama aibu. Mpe baba mkono wa kutoa. Wabariki manesi wetu na wahudumu wa afya wanaotembea nyumba kwa nyumba. Fungua mdomo wa kila mtoto anayekataa chakula, nasi utufungue ya kwetu, tupokee neno lako. Katika jina la Yesu. Amina.