Katika Mafundisho ya Chakula, Ni Nani wa Kufundishwa?

Waalimu wa sharika, twataka kuuliza neno lionekanalo dogo, nalo si dogo: Mtu akidhurika kwa chakula cha mkono wake mwenyewe, je, kosa ni lake?

Katika mji wetu mdogo wa pwani, karibu na mlango wa mto Ruvuma, tuliwakusanya watu wazima chini ya mwembe tuwafundishe habari za chakula. Tukawaeleza kwamba muhogo mchungu una sumu, wala haufai kuliwa mpaka umekaushwa sana. Waliokuja walikuwa karibu wote wanawake. Tulipokwisha, bibi mmoja akasimama, akasema kwa adabu, "Baba mchungaji, hayo tuliyajua nanyi hamjazaliwa bado. Lakini mtoto aliaye kwa njaa leo hangoji makopa yakauke." Tukaona haya, maana alisema kweli.

Mambo yaliyotukia katika mkoa wetu yamshuhudia. Mwaka 1988 huko Masasi, chakula kilipopungua kwa ukame, watu hawakuweza kuanika makopa kwa majuma kama ilivyo desturi. Waliutwanga muhogo mbichi, wakauanika, wakautwanga tena, wapate unga siku ile ile; nao waliuita chinyanya. Watu wakashikwa na sumu. Na kabla ya hapo, mwaka 1981, ng'ambo ya Ruvuma katika jimbo la Nampula, Msumbiji, watu zaidi ya 1,000 walipooza miguu kwa sababu ya muhogo mchungu wakati wa ukame. Ugonjwa huo huitwa konzo, wala dawa ya kuirudisha miguu haipo. Watu hao hawakukosa maarifa. Walikosa siku za kungoja.

Tena liko jambo la pili. Mwili huigeuza sumu ile na kuitoa katika mkojo, lakini kwa kazi hiyo wahitaji vyakula kama samaki, nyama, mbaazi na kunde. Nao waliopooza Nampula wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Hatusemi kwamba sababu ni moja tu. Lakini twajua sote jinsi kitoweo kigawanywavyo nyumbani: kipande kinono kwa baba, mchuzi kwa mtoto, na mama hufuta chungu kwa tonge.

Wengine watasema kwamba mgawo wa chakula ni siri ya nyumba, mchungaji asiuguse. Twajibu kwamba Luther, alipoieleza amri ya tano katika Katekisimo Ndogo, hakukoma katika kutomdhuru jirani. Alitaka pia tumsaidie katika haja zote za mwili wake. Na jirani aliye karibu kuliko wote ni yule tulaye naye.

Hatusemi mafundisho yaachwe, hasha. Mwaka 1975, katika kampeni ya Chakula ni Uhai, watu wazima wa nchi yetu walikaa vikundi vikundi, wakasikiliza redio na kushauriana, na jambo hilo lilikuwa jema. Hata leo iko njia nyepesi ifaayo kufundishwa: unga wa muhogo mchungu huchanganywa na maji, hutandazwa mwembamba, unene usizidi sentimeta 1, kwa saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sehemu kubwa ya sumu hutoka hewani, na unga husongwa ugali siku ile ile.

Lakini mkutanapo tena, waalimu, msimwite mama peke yake. Mwiteni na baba, na mwenye ghala, na mwenye chombo cha kuvulia. Mama afundishwe kutandaza unga; baba afundishwe kumgawia mtoto kwanza; mwenye akiba afundishwe kumkopesha jirani makopa makavu, ili naye apate siku za kungoja.

Nasi tulio wachungaji tuanze kwetu. Maana siku ile tuliporudi kutoka mwembeni tukaandaliwa chakula, samaki mkubwa alikuwa katika sahani yetu.