Kanda la Usufi

Kazi ya ujenzi inagawika. Je, jukumu nalo linagawika?

Tazama jengo lolote la ofisi linalopanda Upper Hill au Westlands. Bango la getini lina jina la mwanakandarasi mkuu, lakini yeye hajengi kila kitu. Stima kampa mwingine, mabomba mwingine, lifti mwingine. Hao nao hugawa. Aliyepewa plasta humtafuta foremani, foremani huwapigia simu vijana anaowajua, na asubuhi wanaingia saiti na gambuti zao. Kati ya kijana aliye juu ya jukwaa la mbao ghorofa ya tisa na jina lililo kwenye bango, pana watu kadhaa, na kila mmoja ana mwenzake wa kunyooshea kidole.

Kugawa kazi si dhambi. Fundi wa lifti hafai kupiga plasta. Shida ni kwamba kazi ikishuka, hatari nayo huteremshwa kwa kalamu. Mkataba baada ya mkataba una kifungu kile kile: mtu akiumia upande wako, ni juu yako. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukishausukumia wa chini yako, unauona mwepesi.

Sheria haikutaka hivyo. Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya 2007, ile tunayoiita WIBA, inamtaka mwajiri awakatie wafanyakazi wake bima, na aliyeumia halazimiki kuthibitisha kwamba bosi alikosea. Akifa kazini au akilemaa kabisa, fidia ni mapato ya miezi 96. Kwa kibarua wa shilingi 700 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, hiyo ni kama milioni 1.75.

Lakini malipo ya bima hiyo hupigiwa hesabu kwa mishahara ambayo mwajiri ametangaza. Anayetaka kulipa kidogo hutangaza watu kumi, ilhali saiti ina arobaini. Wale thelathini wapo kwa jasho, kwa karatasi hawapo.

Sasa fikiria tenda ya plasta. Watu watatu wameleta bei. Wawili wanakaribiana, wa tatu yuko chini sana. Simiti wote wananunua soko moja, mchanga vilevile. Kwa hivyo hiyo nafuu imetoka wapi? Mara nyingi imetoka kwa watu: mshahara wao, jukwaa lao, bima yao. Mkuu anayemchukua huyo wa tatu bila kuuliza, halafu mtu akianguka aseme "mimi sikujua," anatuchezea. Bei ilimwambia. Aliisoma, akatia sahihi. Nakala ya cheti cha bima iliyowekwa kwenye faili haimtoi lawamani, kama hakuwahi kuhesabu vichwa vilivyo saiti.

Na pesa iliyookolewa hapo haipotei. Kijana akivunjika mgongo, kunafunguliwa grupu la WhatsApp, namba ya M-Pesa inapitishwa, na shangazi kijijini anatuma mia mbili. Yaani harambee ndiyo inageuka bima ya jengo la mabilioni. Shangazi hajawahi hata kuliona.

Kuna pingamizi la haki. Ukidai bima kamili kwa kila mwanakandarasi mdogo, unamfungia nje msee anayeanza, mwenye ujuzi lakini hana mtaji. Kweli. Ila kuna njia: mkuu anaweza kuwaingiza vijana wa huyo msee katika bima yake mwenyewe, kisha amkate gharama hiyo kidogo kidogo kwenye malipo. Msee anapata kazi, vijana wanapata kinga. Kinachokosekana ni mtu wa juu kukubali kwamba hao ni watu wake.

Bima inaweza kuhamisha gharama. Haihamishi wajibu wa kutazama. Nani yuko kwenye jukwaa leo, jina lake liko wapi, jukwaa lenyewe limefungwa vipi: hayo anapaswa kuyauliza mwenye nguvu ya kusimamisha kazi. Foremani hana nguvu hiyo. Akisimamisha, kesho anapigiwa simu foremani mwingine. Mwenye jina kwenye bango anayo.