Mateka, Mwanamke na Mtoto

Ndugu msomaji, mwaka 1941 Wataliani walishindwa Uhabeshi, na maelfu yao wakaletwa Kenya kuwa mateka. Ndio waliojenga kanisa dogo la Mai Mahiu mwaka 1942, walipokuwa wakichonga barabara ya bondeni. Kazini walionana na wenyeji, na wako wanawake waliopendana nao. Vita vilipokwisha, mwanamume alirejeshwa kwao. Mwanamke akabaki na mtoto mkononi na maneno ya watu.

Kosa la mwanamke huyo ni lipi? Si huruma. Kumlisha mateka kumesifiwa katika Surat Al-Insan. Lakini huruma ina mpaka wake: chakula hutolewa mlangoni, na mume huingia kwa ndoa, naye kwa mwanamke wa Kiislamu sharti awe Mwislamu. Aliyevuka mpaka huo amekosa, na mlango wa toba u wazi.

Na mtoto je? Sheria yamnasibisha kwa mamake, wala haimtwiki dhambi ya mtu mwingine. Basi anayemwita "mwanaharamu" ameitoa wapi ruhusa hiyo? Mtaliani alikwenda zake bila ya kuzomewa. Mawe ya ulimi yakamwangukia asiyekuwapo kosa likitendwa.

Ewe mzazi, mtu wa namna hiyo akiwa jirani yako, mwite kwa jina lake, na wanao wakusikie. Wallahu aalam.