Hiyo Dawa ya Mababu Mababu Hawakuijua

Wajukuu zangu wa Nachingwea na Ruangwa, korosho zimeuzwa, pesa za mnada wa chama cha ushirika cha RUNALI zimeingia, na mvua imeshika. Mambo hayo yakikutana, hapakosekani mtu wa kuwatafutia namna ya kuzitumia. Mwaka huu mnaoneshana kwenye simu uyoga mdogo mkavu wa kulevya, na mwenye kuusifia anasema ni dawa ya mababu, eti inafungua macho ya ndani. Mimi ni mmoja wa hao mnaokaribia kuwaita mababu. Nimekaa kumbini, nimechezeshwa, nimefunzwa majani ya homa na mizizi ya tumbo. Uyoga wa kula ili mtu aone mambo sikuonyeshwa na kungwi wala mganga yeyote.

Uyoga wetu ni kitoweo. Mvua za kwanza zikinyesha, mama alikwenda kwenye kichuguu na kijiti chake. Hakuukata juu. Aliuchimbua taratibu, akilifuata shina linaloshuka ardhini kuelekea kwenye makao ya mchwa, na shina hilo refu ndilo lililomwambia kuwa huu ndio wenyewe. Ulioota kwenye gogo asilolijua, au juu ya kinyesi cha mnyama, aliupita bila kugeuka nyuma. Habari za kuutumbukizia sarafu ya fedha uone kama itageuka nyeusi, au kusema kwamba ukiliwa na wadudu basi na mtu ataula, hakuzijali hata kidogo. Alifanya vyema, maana zote ni uongo.

Samadi nayo ni ngeni kidogo kwetu. Mbung'o walituzuia kufuga ng'ombe, tukazoea kuku na mbuzi. Wafugaji walipoondolewa bonde la Ihefu mwaka 2006 na 2007, wengi waliletwa mkoani Lindi pamoja na ng'ombe wao. Sasa katika nchi za joto upo uyoga wa kulevya unaopenda hasa kinyesi cha ng'ombe. Sitawadanganya kwamba hauwezi kuota huku. Nasema tu kwamba hapa hakuna bibi aliyerithishwa kuutenganisha na uyoga mwingine ulioota jirani.

Wenye mila ya kula uyoga wa kulevya wapo, ila si sisi. Ni Wamazateki wa milima ya Oaxaca, Mexico. Kwao uyoga huo uliliwa usiku, kwa ajili ya mgonjwa, mganga akiimba na kuwaangalia wote mpaka kukuche. Mwaka 1955 mtu wa benki kutoka New York, Gordon Wasson, alikaribishwa kwenye ibada hiyo na mganga María Sabina katika mji wa Huautla de Jiménez. Mwaka 1957 akayaandika katika jarida la Life. Vijana wa Marekani wakamiminika huko kutafuta starehe, polisi wakafuata, na majirani wakamlaumu yule mama kwa balaa lote. Nyumba yake ikachomwa moto. Anayewauzieni mila ya watu angewasimulia na hilo.

Dawa iliyomo inaitwa silosibini. Albert Hofmann wa Uswisi aliitenga mwaka 1958. Ikiingia mwilini hugusa mahali palepale kwenye ubongo panapopokea serotonini. Baada ya nusu saa hivi kuta zinapumua, rangi zinawaka, saa inakwama, na hali hiyo huendelea saa nne mpaka sita. Wapo wanaocheka. Wapo wanaoshikwa na hofu ya kufa, wakatoka mbio gizani, na barabara zetu mnazijua, bodaboda hazina taa. Kijana ambaye kwao kuna mtu aliyewahi kurukwa na akili asiguse kabisa, kwa maana anaweza kuamshiwa ugonjwa ambao hautaisha ulevi ukiisha.

Mtaniambia kwamba Wazungu wanatibia kwa dawa hiyo. Kweli, Australia imewaruhusu madaktari wa akili kuitumia tangu Julai 2023, kwa wagonjwa wa sonona walioshindikana kwa dawa nyingine. Mgonjwa hupimwa kwanza, kipimo kinajulikana, na mtu amekaa naye mwanzo hadi mwisho. Hiyo siyo pakiti ya stendi. Na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 umeiweka dawa hii kwenye orodha kali kuliko zote, na sheria yetu ya dawa za kulevya ya 2015 haina utani.

Linalonitia hofu zaidi ni lile la kufanana. Uyoga mdogo wa kahawia ni aina nyingi, na nyingine zina sumu inayokula ini. Sumu hiyo haitoki kwa kuchemsha wala kwa kukausha. Tena haina haraka: mtu anakula jioni, analala vizuri, anaanza kutapika na kuhara baada ya saa sita, pengine kumi na mbili au zaidi. Siku ya pili anapata nafuu, ndugu wanashukuru, wanamrudisha shambani. Ya tatu macho yanakuwa ya njano.

Kwa hiyo mwenzenu akiwa amekula, msimfiche kwa kuogopa polisi au baba yake. Mpelekeni hospitali ya wilaya, au ya Mnero kama ndiyo iliyo karibu, hata akisema amepona. Uyoga uliobaki ufungeni kwenye karatasi, siyo mfuko wa nailoni unaouozesha, mumpe daktari, na mwambieni saa ulipoliwa.