Hezekia Aliongezewa Miaka, Lakini Nyumba Yake Je?

Somo: Isaya 38 na 39

Jumapili nilihubiri habari za Mfalme Hezekia na muda ukaniishia kabla sijafika pale nilipotaka kufika. Wacha nimalizie hapa.

Sisi Wapentekoste tunaijua vizuri Isaya 38. Mfalme ni mgonjwa, nabii anamletea habari mbaya, mfalme anageukia ukuta, analia, anaomba, na Mungu anamwongezea miaka 15. Hapo tunapiga makofi na kinanda kinaitikia. Lakini rudi mstari wa kwanza. Kabla ya machozi kuna agizo: mfalme aliambiwa aweke mambo ya nyumba yake sawa. Miaka iliongezwa, ndiyo. Ila sijaona mahali agizo lile lilipofutwa.

Nasema haya nikiwa mkosaji. Miaka michache iliyopita, nikiwa mgeni katika huduma, nilimtembelea mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa amelazwa. Alikuja Pwani kijana kutoka Makueni, akafanya kazi ya bustani katika hoteli za Diani mpaka akastaafu. Alikuwa na ploti Ukunda yenye vyumba vitano vya kupangisha, akiba kwenye Sacco, na minazi upande wa Msambweni. Aliponiona alisema, "Pasta, niletee karatasi na kalamu. Kuna mambo nataka kuandika."

Nikamjibu kwa sauti, ili wodi nzima isikie, "Baba, hapa hatukiri mauti! Utaishi!" Watu wakasema amina. Yeye akanyamaza, akatazama pembeni. Nilitoka pale nikijiona mtu wa imani.

Na kweli aliishi. Alitoka hospitali, akashuhudia kanisani, akaendelea na maisha miezi kumi na mmoja. Karatasi hakuiomba tena, na mimi sikumkumbusha. Kisha akalala, hakuamka.

Siku ya tatu ya matanga alifika mama kutoka upande wa Lunga Lunga akiwa na watoto wawili. Hakuna aliyehitaji kuuliza, maana mvulana alikuwa na uso wa marehemu. Wiki hiyohiyo ndugu za marehemu waliwaambia wapangaji kwamba kodi sasa italipwa kwao. Nyumba ikawa moto.

Wapendwa, nimejiuliza mara nyingi: yale "mambo" aliyotaka kuandika yalikuwa yapi? Sitajua. Lakini nina hakika ya jambo moja: mtu alitaka kusema, na mimi nikamziba mdomo kwa jina la imani.

Sasa swali lenyewe. Je, kuandika wosia ni kukosa imani? Wengi wetu tunaona ni kama kujiitia kifo. Mbona basi hatusemi hivyo kuhusu bima ya gari? Mbona jirani zetu Waislamu hapa Kwale wanaandika wasia na kesho yake wanaamka salama, wanaenda zao baharini? Bwana wetu mwenyewe, msalabani, alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi aliyempenda (Yohana 19:26-27). Yeye aliyejua kwamba siku ya tatu atafufuka bado alihakikisha mama ana mahali pa kukaa. Hapo hoja ya imani inaishia.

Kwa hiyo nadhani kinachotuzuia si kuogopa kifo. Tunaogopa ukweli. Nilisoma biashara chuoni, na mwalimu wetu wa hesabu alikuwa hasamehi mtu anayeandika mali upande mmoja na kuficha madeni upande wa pili. Wosia ni hesabu ya namna hiyo. Unakulazimisha uandike: hivi ndivyo vyangu, hawa ndio wangu, hawa wananidai. Mtoto usiyemtaja ni deni ulilolificha, na halifi pamoja nawe. Litakuja kwenye matanga limevaa sare ya shule.

Utaniambia, "Pasta, nikiandika ukweli wote nitavunja nyumba yangu." Ninaelewa, na sisemi ni jambo jepesi. Lakini ukweli huo utatoka tu. Swali ni nani atabeba uzito wake: wewe mwenye kosa, ungali hai na unaweza kuomba msamaha, au mjane wako akiwa amekaa kwenye mkeka? Kumwachia mwingine toba yako si imani, na wala si upendo.

Hata sheria haikusaidii kuficha. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, iliyoanza kutumika mwaka 1981, inamruhusu mtegemezi aliyeachwa nje aende mahakamani kudai riziki yake, hata kama wosia upo. Na wewe unayepanga kuwaruka mabinti kwa sababu "wataolewa", jua kwamba mwaka 2005, katika kesi ya Rono, Mahakama ya Rufani ilikataa mgao uliowapa wana ekari 30 kila mmoja na mabinti ekari 5. Binti za Selofehadi walishinda kesi hiyo mbele ya Musa zamani sana (Hesabu 27).

Turudi kwa yule mama mjane. Hapakuwa na wosia, kwa hiyo njia ilikuwa ndefu: barua ya chifu, kesi mahakamani, tangazo katika gazeti la serikali, siku 30 za kungoja pingamizi, kisha miezi mingine kabla ya mgao kuthibitishwa. Nilimsindikiza kwa chifu. Chifu akachukua kalamu, akauliza, "Mama, marehemu ameacha watoto wangapi?"

Alikuwa amezaa wanne. Alikaa kimya mpaka nikadhani hakusikia. Kisha akasema, "Andika sita."

Neno lile lilinihubiria kuliko mahubiri yangu yote. Mke alisema ukweli ambao mume hakuusema, na ambao mchungaji aliuzuia.

Na ile minazi? Haikuwa kwenye hati yoyote. Mnajua desturi ya huku kwetu, mti unaweza kuwa wa huyu na ardhi ya yule. Mwenye ardhi, mzee wa Kidigo, alikuja mwenyewe, akasema, "Minazi kumi na miwili ni ya rafiki yangu, mimi ni shahidi." Angenyamaza, nani angejua? Lakini mpendwa, usijenge maisha ya watoto wako juu ya kumbukumbu ya jirani, hata awe mwema vipi.

Sasa tumalize Hezekia. Katika ile miaka ya nyongeza aliwaonyesha wageni wa Babeli hazina yake yote. Isaya akamwambia kwamba vyote vitachukuliwa, na baadhi ya uzao wake pia. Mfalme akaona ni sawa tu, maadamu siku zake yeye zitakuwa na amani (Isaya 39). Huyu ndiye aliyelia kwa ajili ya maisha yake. Kwa watoto, hakutoa chozi. Tunaweza kupokea muujiza na bado tukaishi kwa ubinafsi.

Wiki hii, basi, fanya haya. Andika mali yako, madeni yako na watu wako wote. Wosia wa maandishi unahitaji sahihi yako na mashahidi wasiopungua wawili, na anayepewa kitu asiwe shahidi. Wosia wa mdomo mbele ya mashahidi wawili unakubalika, lakini ukiishi zaidi ya miezi mitatu tangu uuseme, umekwisha nguvu. Watoto walio chini ya miaka 18, taja watu wawili waaminifu watakaowashikia mali yao kama amana. Angalia pia jina uliloandika kwenye Sacco. Huenda ulilijaza kabla hujaoa. Kisha mwone wakili akukague.

Na kama unataka kuliachia kanisa ploti, asante, lakini usiniite mimi kuwa shahidi, na kwanza niambie watoto watalala wapi. Yesu mwenyewe alikataa kuwa mgawanya urithi (Luka 12:13-14). Mimi ni nani?

Kwa upande wangu nimetubu. Siku hizi nikienda hospitali, ndani ya Biblia yangu nabeba karatasi tupu na kalamu. Nawaombea wagonjwa wapone, kwa imani yote. Na mgonjwa akisema, "Pasta, kuna mambo nataka kuandika," navuta kiti, nakaa.

Mungu awabariki.