Si Alikubali Mwenyewe?

Mtu wa mkono akianguka kutoka ghorofa ya nne, iwe Kitengela au Kajiado mjini, hukosi kusikia mtu akisema: si alikubali mwenyewe? Alikuja getini asubuhi kwa miguu yake, akaomba kazi, akaona mbao zimefungwa kwa kamba, akapanda.

Kila neno hapo ni kweli. Bado nadhani sentensi nzima inadanganya.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamjua mtu huyu. Kifungu cha 14 kinamtaka amwambie msimamizi akiona hatari kubwa, na mwajiri haruhusiwi kumrudisha pale kabla hatari haijaondolewa. Ni kifungu kizuri sana. Sasa jaribu kukitumia ukiwa kibarua wa siku moja, na nyuma yako kuna wengine kumi na tano wanaomwangalia foromani usoni. Hakuna atakayekufuta kazi. Kesho tu hutachaguliwa.

Si mjengo peke yake. Kwenye majukwaa ya mafuta ya Bahari ya Kaskazini, wafanyakazi walizijua na kuziogopa herufi tatu, NRB, yaani huyu asiitwe tena. Huko ndiko Piper Alpha ililipuka tarehe 6 Julai 1988, watu 167 wakafa. Uchunguzi wa Jaji Cullen ulitoa mapendekezo 106, na kubwa kati yao lilikuwa hili: mwenye jukwaa ndiye aionyeshe serikali, kwa maandishi, kwamba amezijua hatari na kuzidhibiti. Kibali cha mfanyakazi hakina kazi katika hesabu hiyo.

Kuna jibu ambalo siwezi kulipuuza. Ukimzuia kupanda, watoto wake watakula nini? Mtu mzima ana haki ya kujichagulia hatari, na sisi wa mshahara wa mwezi tusimfundishe maisha. Sawa. Lakini hapo tumeshakubali kwamba njia ni mbili tu, apande bila mkanda au alale njaa. Mkanda wenyewe uliondolewa mezani kabla hajafika getini, na aliyeuondoa ndiye aliyebaki na pesa yake.

Sheria ya fidia, nayo ya 2007, inahesabu kifo kuwa mapato ya miezi 96. Miezi ipi, kwa mtu ambaye jina lake liko kwenye daftari siku tatu, tena kwa penseli?

Na nyumba zenyewe tunapanga sisi. Tukienda kuangalia bedsita Kitengela tunauliza maji ni ya kisima au ya tenki, tokeni ni yako peke yako au mnashare, depoziti ni miezi mingapi, matatu ya usiku yanafika hadi wapi. Mtunza nyumba ana majibu yote hayo. Kama kuna mtu alianguka ikijengwa, sijasikia mpangaji akiuliza.